Naomba ushauri: ufa wa ukutani, nizibe mwenyewe au niite fundi?

Wakuu, habari za jioni. Nyumba yangu ipo Nkuhungu, hapa Dodoma, ya tofali za saruji. Ukuta wa chumba cha watoto una ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kimshazari hadi karibu na sakafu. Juu kidole kinaingia, chini ni mwembamba. Kiangazi unatanuka, mvua za Desemba zikianza unajibana. Udongo wa kiwanja changu ni mfinyanzi, ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Watoto nimewahamishia sebuleni kwa sasa.

Kupiga plasta na rangi naweza mwenyewe, hata koki na bawaba za milango natengeneza. Fundi mmoja kasema nikwangue, nijaze saruji, basi. Mwingine anataka tuchimbe pembeni tuone msingi kwanza, na gharama yake si ya kitoto. Mimi naona huyu wa pili ana hoja, maana kuziba ufa unaotembea ni kupaka poda kidonda. Ila ada za Januari nazo zinasubiri.

Mliojenga kwenye udongo wa aina hii, mlijuaje kama ufa ni wa plasta tu au umetoka kwenye msingi? Na mhandisi akija kukagua kabla ya fundi, huwa mnapatana naye vipi malipo?