Antena ya kubeba Elgon: waya, ya kuvuta au ya duara?

Masaba_QRP (Mbale)
Wakubwa habari za jioni. Mwezi wa kwanza tunapanda Elgon na washikaji, tunaingilia Budadiri njia ya Sasa, tunalala Mude Cave, asubuhi Wagagai alafu tunateremkia upande wa Sipi. Laiseni ya redio ya ridhaa ya UCC (tume ya mawasiliano) niko nayo, redio ni Xiegu G90 ya masafa marefu na ka-woki-toki ka bendi ya 2m, betri pia ipo. Shida ni antena. Nyumbani natumia dipoli (waya wa pande mbili, koaksi inaingia katikati) imefungwa mwembe na mfenesi na inafanya kazi poa, lakini ya safari ndio inanisumbua, nimeangalia video mpaka kichwa kinauma, kila mtu anasifu ya kwake, huyu anasema nunua ile ya chuma ya kuvuta yenye koili chini, huyu anasema end-fed (waya mmoja unaolishwa mwishoni), mwingine ile ya duara. Bajeti ni laki tatu na isizidi kilo moja na nusu pamoja na mlingoti coz mabegi tunabeba wenyewe. Nataka kuongea na watu wa Kampala na Nairobi mchana, jioni nikipata Ulaya sitakataa. Na kule juu waya nafunga wapi jameni??

fundi_wa_Katwe
Ssebo karibu. Umeshajijibu nusu, umesema Kampala na Nairobi mchana. Kutoka Wagagai miji yote miwili iko ndani ya kilomita 400, kwa umbali huo unahitaji mawimbi yapande karibu wima yagonge ionosfia (tabaka la juu la anga) yarudi chini, na sisi wa ikweta bendi ya 40m (urefu wa wimbi, kama 7 MHz) mchana inafanya hiyo kazi vizuri sana. Waya wa chini chini, mita 5 au 6 kutoka ardhini, ndio unarusha juu hivyo. Ile ya kuvuta imesimama wima, nguvu inaenda kwa upeo wa macho, Ulaya watakusikia na Kampala hawakusikii, utadhani redio imekufa.

Kwa hiyo waya. End-fed ya nusu wimbi ni kama mita 20 kwa 40m (gawa 143 kwa MHz, 143/7.1 unapata 20.1) na huo huo waya unakupa 20m, 15m na 10m bila kubadilisha kitu. Transfoma ya 49:1 ya kulinganisha waya na redio usinunue, tengeneza. Toroidi (pete ya feraiti) moja FT140-43, mizunguko 2 upande wa redio, 14 upande wa waya, kapasita ya 100 pF pembeni ya ile mizunguko 2. Waya wa kuzungushia nenda kwa mafundi wanaorewaindi mota, hapa kwetu Katwe wamejaa, mwambie akukatie mita mbili hivi, atakushangaa tu lakini atakupa. Weka kwa kikopo kidogo cha plastiki na soketi ya BNC. Kwa watti 20 za G90 inatosha. Ukikata waya wa antena uache mrefu kwanza alafu upunguze kidogo kidogo ukiangalia SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwa redio), waya wenye plastiki huwa unataka kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu.

nyabo_wa_Kasese
Fundi yuko sawa kwa waya lakini hajajibu swali la mwisho, atafunga wapi? Mimi natembea Rwenzori na Elgon sio tofauti sana kwa hilo. Ukishapita mianzi na ile miti ya erika yenye ndevu za kuvu, miti imekwisha. Juu ya hapo ni nyasi za tindiga, lobelia na senesio, na hizo banange usifunge kamba, zinaota polepole mno na reinja wa UWA (mamlaka ya wanyamapori) akikuona utamueleza nini. Mianzi pia usikate, ni mbuga ile.

Kwa hiyo pesa nyingi ya bajeti iende kwa mlingoti. Tafuta fimbo ya kuvulia samaki ya fibaglasi, ile ya kuingia ndani kwa ndani, mita 6 au 7. SIO ya kaboni, kaboni inapitisha umeme na itakuharibia antena, na madukani wanachanganya, muuzaji anakuambia zote ni moja. Soma lebo. Ile pingili ya juu kabisa nyembamba itoe uiache nyumbani, haibebi kitu, inapinda tu. Kushikilia, kamba tatu nyepesi na vijiti vya hema, au pale mawe yapo rundika mawe kwa kitako.

Na mimi badala ya end-fed napendelea dipoli ya viungo. Mita 5 kila upande kwa 20m, alafu kiungo, alafu mita 5 zingine kufika 40m. Viungo ni vile vya waya za pikipiki vya kuchomeka, vinauzwa kwa kila duka la spea za boda. Katikati juu ya fimbo, miguu miwili inashuka kama V iliyopinduliwa, mwisho wa kila mguu kamba mpaka jiwe. Haina transfoma ya kuingia maji. Rwenzori kila kitu kinalowa, nimeona kikopo cha mtu kimejaa ukungu ndani SWR inaruka kama chura. Ubaya wake ni kubadilisha bendi, lazima utoke hemani uende kushusha na kuchomeka kwa baridi, mikono imekufa. Kwa koaksi (kebo ya antena) chukua RG-174 mita 8, ni nyembamba na nyepesi, kwa 40m na 20m hasara yake ni ndogo, lakini usiitumie kwa 2m, mita 10 tu inakula zaidi ya nusu ya nguvu.

Redio_Jinja
Ya duara achana nayo kwa safari hii. Niko nayo kwa balkoni hapa nyumbani na naipenda, lakini ukisogeza masafa kidogo tu lazima uitune upya, na kwa watti 20 ile kapasita inabeba volti zaidi ya elfu moja, sasa wewe umelowa, umechoka, vidole havisikii... hapana. Pia usidanganyike na tyuna (kilinganishi cha antena) ya ndani ya G90, inafanya redio ifurahi lakini antena fupi inabaki fupi.

Masaba_QRP
Asanteni sana, nyabo hiyo ya fimbo imenifungua macho. Naona nichukue fimbo ya mita 7 nitengeneze ZOTE mbili, waya ni bei rahisi. Maswali mawili: end-fed nikiiweka kwa hiyo fimbo inakaaje? Na woki-toki nifanyie nini, ule mkia wake wa raba ni takataka.

fundi_wa_Katwe
Inakaa vile vile kama V iliyopinduliwa, katikati ya waya juu ya fimbo, transfoma mwisho mmoja karibu na hema, mwisho mwingine kamba. Ongeza kipande cha waya kama mita 2 upande wa ardhi wa transfoma, kiache kilale kwa nyasi. Faida yake ni hiyo, redio iko hemani na wewe uko hemani, unaruka 40m kwenda 20m bila kuvaa viatu, nyabo hapo nimekushinda 😄

Woki-toki: rahisi kabisa, kata waya sentimita 49, ufunge kwa chuma cha shina la antena, yaani upande wa ardhi, uache unaning'inia chini. Utaona tofauti. Ukitaka zaidi tengeneza antena ya J-pole kwa ule waya bapa wa TV wa zamani wa omu 300, urefu kama mita moja na nusu, unaviringisha unaweka mfukoni, ukifika unaitundika kwa fimbo ile ile.

nyabo_wa_Kasese
Hujanishinda, mvua itaamua 😂

Masaba kitu kimoja cha maana. Mwezi wa kwanza ni kiangazi lakini mlimani mawingu ya mchana yanajikusanya haraka. Ukisikia ngurumo hata kwa mbali shusha fimbo, chomoa koaksi, usingoje kumaliza QSO (maongezi). Wale watoto wa shule waliouawa na radi Kiryandongo 2011 mnawakumbuka, na wao walikuwa ndani ya jengo. Panga kileleni asubuhi, ongea na Kampala saa nne saa tano, ukirudi kambini jioni jaribu 20m kwa Ulaya. Na pale getini Budadiri waonyeshe redio mapema na nakala ya laiseni, waya mrefu na betri kwa begi bila maelezo utakaa hapo nusu siku. Siku mkipanda andika hapa, nitakuwa 7.1 MHz na jirani zake kuanzia saa nne, nikikusikia nakupa ripoti ya ukweli, sio ile ya 59 (nakusikia vizuri kabisa) ya kila mtu.

Redio_Jinja
Mimi pia nitakuwepo. Leta glavu zilizokatwa vidole.