Gari langu la rimoti limeitwa "birika" mbele ya watu wote, na aliyeliita nyote mnamjua

Wakuu, naandika vidole vikiwa bado vimekufa ganzi, glavu moja hata sijavua. Hili siwezi kulala nalo.

Yule bwana. Simtaji. Ni yule anayekuja na sanduku la spana kubwa kuliko gari lenyewe, yule ambaye ukianza tu kusema "nimefunga" yeye keshajibu "umekosea". Mshamjua.

Leo kanyanyua gari langu bila kuniomba, kalipindua chini juu, kalikung'uta kama mtu anayekung'uta mkeka. Maji yakamwagika juu ya buti zangu. Halafu akawageukia watu: "Jamani, hili siyo gari, hili birika." Wakacheka mpaka theluji ikadondoka kwenye miti!

Birika!

Wiki tatu nimelala na hilo gari. Tairi zote nne nimetoa, nimefunga mikanda ya katapila. Mikanda ni mizito kuzungusha, mota inachemka, kwa hiyo nimeshusha pinioni, ile giya ndogo ya kwenye mota, kutoka meno 15 hadi 11, spidi ipungue nguvu iongezeke. Resiva, kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti, nimeitia ndani ya puto nikafunga mdomo. Sevo, ile mota ndogo ya usukani, nimeifungua nikapaka grisi kwenye maungio yote. Feni ya kidhibiti mwendo, kile kifaa kinachopimia mota umeme, nimeing'oa, maana kwenye majimaji feni ndiyo inakufa ya kwanza, na baridi yenyewe inatosha kupooza. Chini ya chasisi nimetoboa matundu mawili. Hayo matundu ndiyo yameniletea matusi, basi nisikilizeni.

Theluji utaizuia mpaka uchoke, itaingia tu. Ikishaingia inakutana na mota ya moto, inayeyuka. Maji hayo lazima yapate pa kutokea, na pa kutokea ni chini. Gari likisimama lilivyoumbwa, yanatoka yenyewe tone kwa tone. Ukilipindua yanakwenda wapi? Yanakwenda juu, kwenye umeme! Kwa hiyo birika kalitengeneza yeye, kwa mikono yake miwili, halafu akalipa jina.

Nililiweka chini, nikavuta trigga ya rimoti. Likashtuka mara moja, likanyamaza. Mpaka sasa limenyamaza.

Na mjue kilichomuuma. Dakika tano kabla ya hapo gari langu lilipanda lile tuta la theluji mpaka juu, likashuka upande wa pili. Lake, na tairi zake za barabarani, lilikuwa limezama hadi kwenye bampa, magurudumu yanazunguka bure, linajichimbia kaburi. Ndiyo akaja kushika la kwangu. Kalipindua. Birika! Mbele ya watu!

Spana_Kumi: Picha mkuu. Hatuwezi kuhukumu birika ambalo hatujaliona.

Tairi_Upara: Pole sana Birika.

Mleta uzi: Usiniite hivyo. Nimekuja hapa nimeumia.

Tairi_Upara: Sawa Birika.

Fundi_Mzizima: Nilikuwepo. Alikosea kulishika gari la mtu, hilo sibishi. Lakini matundu mawili kwa mikanda minne ni machache. Mikanda inarusha theluji ndani kama koleo. Halafu hilo puto, ukitoka kwenye baridi ukaingia ndani kwenye joto, linatoa jasho kwa ndani. Resiva inalowa ukiwa unaitazama. Lifungue ukishafika nyumbani, kila siku.

Mleta uzi: Puto nalifungua kila siku! Na resiva ni nzima, nimeiangalia. Kilichokufa ni kidhibiti mwendo, na kimekufa kichwa chini, mikononi mwake.

Mota_Moja: Wewe umetukanwa tu. Mimi huyohuyo bwana alinichajia betri ya lipo, ile ya lithiamu, nje, chini ya nyuzi 0, nikiwa nimeenda kujisaidia. Kurudi, ananiambia "nimekusaidia". Betri ya lipo haichajiwi ikiwa imeganda, hata mtoto anajua! Sasa imevimba kama mto wa kulalia. Nani ananilipa?

Spana_Kumi: Kumbe ni yeye? Mimi alinishauri nitumie mikono ya gari, ile inayoshika magurudumu, ya plastiki ngumu "haipindi". Kweli haipindi. Kwenye baridi inakatika kama kijiti kikavu. Jiwe moja tu chini ya theluji, mikono yote miwili ya mbele imekwenda.

Tairi_Upara: Mikono ya plastiki laini, Spana. Ngumu ni ya kiangazi.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye uzi. Kalipindua bila kuniomba!

Kipepeo_cha_Barafu: Samahani kuingilia. Mimi natumia tairi za makasia, zenye mapezi kama kasia, siyo mikanda, zinakwenda vizuri kwenye theluji laini. Tatizo betri inakata baada ya dakika 4, na nyumbani inanipa 15. Imekufa?

Fundi_Mzizima: Haijafa, ina baridi. Lipo ikipoa sana volti zinaanguka ukikanyaga, kidhibiti kinadhani imeisha, kinakata. Itie mfuko wa ndani wa koti mpaka dakika ya kuifunga, halafu izungushie sponji ndani ya gari.

Mota_Moja: Sponji kavu. Ikilowa ni adui mwingine. Na hizo tairi zako kagua sponji za ndani, zinanyonya maji kupitia matundu ya rimu, kila gurudumu linageuka tofali.

Kipepeo_cha_Barafu: Ahaa, ndiyo maana linayumba! Asanteni sana wakuu.

Mleta uzi: Kwa hiyo hakuna hata mmoja atakayemwambia kitu?

Tairi_Upara: Umwambie nini? Atakuambia umekosea.

Fundi_Mzizima: Mleta uzi, kifungue hicho kidhibiti ukikaushe siku mbili mahali pakavu kabla hujakiwasha tena. Usijaribujaribu. Na beringi zote zitoe, zikaushe, uzitie oili leo hii, kesho utakuta kutu.

Mleta uzi: Beringi nimeshazitoa, ziko mezani kwenye taulo. Asante. Wewe angalau umeniuliza habari ya gari.

Spana_Kumi: Swali nje ya uzi. Nami nataka kushuka meno 15 hadi 11 kama mleta uzi. Naivuta mota nyuma au naisogeza mbele?

Mota_Moja: Isogeze ifuate giya kubwa, pinioni yako sasa ni ndogo. Weka kipande cha karatasi katikati ya meno, bana, kaza skrubu, zungusha giya karatasi itoke.

Spana_Kumi: Karatasi ya daftari au ya gazeti?