Gitaa inavuma hata nikishika nyuzi, na kuna msee ananiambia nikate pini ya athi

koili_moja
Niaje wadau. Niko na gitaa ya umeme shepu ya Strat (ile Stratocaster ya Fender), si Fender yenyewe ni kopi, nilinunua mkono wa pili. Neki imenyooka, inashika tyuni vizuri, lakini iko na mvumo mmmmmm hauishi, na nikiongeza geini kidogo ndio balaa kabisa. Kitu kinanishangaza ni hii: nikishika nyuzi hakuna chochote kinabadilika, lakini nikishika ile chuma ya plagi ya kebo pale inaingia kwa gitaa, kelele inashuka karibu nusu. Nimebadilisha kebo, bado. Nimetoa pedali zote nikachomeka moja kwa moja kwa ampu, bado. Mwenye aliniuzia alisema kuna fundi alishawahi kuifungua akabadilisha springi za briji.

Sasa kuna msee wa bendi ameniambia dawa ni kukata pini ya athi kwa plagi ya ampu, eti kelele yote itaisha. Mwingine anasema pikapu (zile koili za sumaku chini ya nyuzi) zimekufa ninunue zingine. Niko na tester na kachuma kadogo ka kusolda ka wati 25. Naanzia wapi? Naishi besita huku Kahawa West kama hiyo inasaidia.

pedali_tu
Nunua noizi geti (pedali ya kuzima kelele) uendelee na maisha boss. Na hiyo ya kukata athi inafanya, bendi mingi za klabu wanafanya hivyo na wako tu.

waya_mweusi
Usikate kitu. Na pikapu zako hazijafa, pikapu ikikufa inanyamaza ama inatoa sauti nyembamba ya kuchoka, haivumi.

Jibu umejipatia mwenyewe kwa swali lako. Ile chuma ya plagi unayoshika ni upande wa athi wa gitaa. Ukishika hapo kelele inashuka ju mwili wako ni kama aerieli, unabeba uchafu wote wa stima ya nyumba unaumwagia pikapu, na ukiungana na athi ule uchafu unapata pa kwenda. Kawaida nyuzi nazo zinafaa ziwe zimeungana na hiyo athi, ndio maana gitaa nzima ukizishika inatulia. Zako hazifanyi hivyo kwa hivyo ule waya wa kutoka kwa poti ya volyumu kwenda kwa briji umekatika. Fundi akibadilisha springi huo ndio waya wa kwanza kung'oka.

Kabla hujafungua hakikisha na tester. Chomeka kebo kwa gitaa tu, ule upande mwingine usiingie kwa ampu. Weka tester kwa ile ya kulia piii. Ncha moja kwa shingo ya plagi iliyo huru, ile sehemu ndefu, ncha ya pili kwa uzi wowote. Ikikataa kulia, ndiyo hiyo. Ukiwa hapo hapo peleka tester kwa kilo-omu, volyumu yote juu, pima kati ya ncha ya plagi na shingo yake. Koili moja ya Strat itasoma kitu kama 5 hadi 7. Ukiona sifuri kuna shoti mahali, ukiona haisomi kabisa kuna waya umeachana. Pikapu zote tatu zikisoma, wachana na mtu wa kukuuzia zingine.

Alafu geuza gitaa, fungua ile plastiki ya nyuma. Kuna kibati kizito kimefungwa na skrubu mbili, ndicho springi zimejishikilia. Waya unafaa uwe umesoldwa hapo.

mama_besi
@pedali_tu na heshima zote, hiyo ushauri ya athi imeumiza watu. Stima yetu ni volti 240. Chasi ya ampu ni chuma, na pini ya athi iko hapo ili siku waya wa moto ukigusa hiyo chasi ndani, fiuzi iruke badala ya wewe. Ukiikata, hiyo 240 inasubiri mtu, na njia yake ni shingo ya jeki, kebo, nyuzi, vidole vyako, alafu mdomo ukigusa maiki. Wenye "wako tu" ni wale bado ampu zao hazijaharibika.

@koili_moja sikiliza hii pia ju watu husahau. Ukishaunganisha huo waya, nyuzi zako zitakuwa zimeshikana na chasi ya ampu kila wakati unacheza. Hiyo ni sawa kabisa, ndivyo gitaa zimetengenezwa, lakini inamaanisha athi ya nyumba lazima iwe ya ukweli. Kwa hizi nyumba zetu usiamini tundu la tatu kwa kuliangalia tu. Watu wanasukuma kalamu hapo juu ili plagi ya pini mbili iingie, ekstensheni zenyewe zingine ni za kuuza sura. Angalia kabla.

koili_moja
Asanteni sana. Tester imekataa kulia kwa nyuzi. Pikapu zinasoma 5.9, 6.0 na 6.3, kwa hivyo ziko hai. Nimefungua nyuma nimepata waya mweusi umelala tu kwa kona na kipande cha solda kimebaki kwa ncha yake kama shanga, kwa kile kibati kuna alama tu.

Shida sasa ni kusolda. Solda inayeyuka inakuwa mpira, nikivuta waya inatoka yote, haishiki bati hata kidogo.

waya_mweusi
Hivyo ndivyo yule fundi wa kwanza pia alifanya. Kile kibati ni kinene, kinakunywa moto wote wa hako kachuma kako kabla solda ipate chake. Unayeyusha solda juu ya bati baridi, inakaa juu yake, haiingii.

Kwanza kwaruza hapo na msasa ama ncha ya kisu mpaka uone chuma inang'aa, hiyo rangi na mafuta ya kiwandani yote itoke. Paka flaksi kidogo, ile dawa ya kusaidia solda ishike. Alafu tafuta chuma cha wati 60 chenye ncha pana, azima kwa fundi wa redio mtaani ama shuka Luthuli kwa maduka ya elektroniki tao, utakosaje. Weka ncha kwa bati na uiache hapo itulie, gusisha waya wa solda kwa BATI, si kwa ncha ya chuma. Ikiyeyuka yenyewe na kutambaa kama maji imeshika. Ikijikusanya bado ni baridi. Paka hiyo solda kwanza, toa chuma, paka ncha ya waya nayo, ndio sasa uviweke pamoja. Ukimaliza shikilia waya bila kutingisha mpaka ing'ae na itulie, ikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia rudia. Springi usizitoe, hazikusumbui. Ila weka karatasi ngumu ama kitambaa chenye maji juu ya rangi ya gitaa, solda ikidondoka hapo ni kilio.

Na usichome chuma hicho cha 60 kwa miguu ya poti kwa muda mrefu, hapo rudi kwa kakako ka 25.

pedali_tu
Sawa nimekubali ya athi. Lakini noizi geti nasimama nayo, ukipiga rock na geini juu unaihitaji.

waya_mweusi
Geti inafunga mlango ukinyamaza. Ukipiga noti mvumo unaingia nayo. Arekebishe kwanza, geti atanunua akitaka.

koili_moja
Wadau! Imeshika. Fundi wa simu hapa steji amenipea chuma kikubwa nikafanyia kwa kibanda chake akiniangalia, solda ikatambaa vile ulisema. Tester inalia piii kwa nyuzi zote. Nikishika nyuzi sasa kelele inakatika karibu yote.

Lakini @mama_besi umeniogopesha vizuri. Jioni nimeweka maiki kwa mixa nikaanza kuimba nikicheza, mdomo ukigusa maiki kuna kitu kinanidunga, si shoti kubwa, ni kama sindano. Zamani haikuwa.

mama_besi
Zamani nyuzi zilikuwa hazijaungana na kitu, ndio maana. Chomoa kila kitu sasa hivi. Ampu inaingia wapi na mixa inaingia wapi?

koili_moja
Ampu iko kwa ekstensheni, mixa iko kwa soketi ya ukuta. Hata nilipojaribu soketi ingine nilihamisha ekstensheni yote.

mama_besi
Chukua hiyo ekstensheni ikiwa haijachomekwa popote. Tester kwa piii, ncha moja kwa pini ndefu ya athi ya plagi, ile ingine ndani ya tundu la juu la ekstensheni. Inalia?

koili_moja
Hailii. Nimefungua na skrubu. Kebo iko na waya mbili tu ndani, kahawia na bluu. Yale matundu ya juu yako na kibati cha shaba kizuri kinang'aa na hakijaunganishwa na kitu chochote. Yani hii kitu ilitoka dukani hivi.

mama_besi
Ziko kibao. Matundu matatu, waya mbili. Ampu yako haikuwa na athi kabisa tangu siku ya kwanza, na chasi inaelea. Ile filta ndani ya pawasaplai inavujisha kidogo kidogo, mixa iko na athi ya ukuta, wewe katikati ndio umekuwa waya. Hiyo kiasi kwa kawaida haiui ila ampu ikija kupata shoti ya ukweli ni hadithi ingine.

Tupa hiyo. Nunua yenye kebo ya waya tatu, angalia kabla ya kulipa, waambie wafungue ama pima na tester yako hapo hapo dukani, mwenye duka akikasirika nenda duka lingine. Chomeka ampu na mixa kwa ekstensheni hiyo moja ili athi yao iwe moja. Na ukuta wenyewe upimwe. Hapo usijipimie ndani ya 240 kama hujazoea, ambia keyateka alete fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi.

rhumba_na_benga
Nimesoma yote, kazi safi. Naongeza tu kwa kelele kidogo iliyobaki, ju itabaki. Koili moja ni koili moja, inanasa mvumo wa hezi 50 kutoka kwa kila transfoma iliyo karibu na hiyo hakuna waya wa athi utaimaliza. Simama ukiwa umeshika gitaa, zunguka polepole, utapata upande ambao inanyamaza. Zima taa za LED na chaja ya laptop moja moja usikie ni nani mwenye kelele ya kukwaruza. Jaribu swichi posisheni ya 2 na ya 4, Strat nyingi za siku hizi pikapu ya katikati imezungushwa kinyume na zile zingine kwa hivyo zikiwa mbili zinafutana mvumo. Wazo ni lile lile la humbucker ambayo Seth Lover aliundia Gibson miaka ya 50, koili mbili badala ya moja.

Unaweza pia kubandika tepu ya shaba ndani ya matundu ya mbao na nyuma ya ile plastiki ya mbele, vipande vipandiane, viguse athi, upime. Hiyo inapunguza kelele ya kukwaruza, ile mmmm ya chini haiondoi. Chunga ncha ya jeki isiguse shaba, gitaa itanyamaza kimya utafikiri imekufa.

Kitu sitaki usikie ni mtu akikwambia weka humbucker. Kama unapiga benga unahitaji ile sauti nyembamba kali ya pikapu ya nyuma, noti zikitoka moja moja mtu akizisikia mpaka nje ya klabu. Humbucker itakufungia hiyo.

koili_moja
Napiga benga na za kanisa, kwa hivyo koili inabaki haha. Ekstensheni mpya nimepima dukani, jamaa alininunia lakini ikalia piii. Ampu na mixa zote ziko hapo, mdomo haudungwi tena. Fundi wa keyateka anakuja Jumamosi kuangalia ukuta.

nyuzi_sita_254
Samahani kudandia, kuna ndugu yangu amenitumia ampu kutoka Japani, plagi ni ya pini mbili bapa. Natumia tu adapta ya kawaida?

waya_mweusi
USICHOMEKE. Japani ni volti 100. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini tu, volti inabaki 240, utasikia pa moja na moshi. Angalia nyuma imeandikwa nini kwanza. Kama ni 100V peke yake unahitaji transfoma ya kushusha, na VA yake (kipimo cha nguvu inaweza kubeba) izidi ile ya ampu kwa mbali, si sawasawa. Kama ni ya tyubu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani) usiifungue hata ukiwa umechomoa, kapasita za ndani zinashikilia volti mia kadhaa. Piga picha ya kile kibandiko cha nyuma uweke hapa.