Kujitolea kwenye maafa: nianzie hapahapa au niende nje?

Muulizaji: Habari zenu wakuu, kila nikiona mafuriko au tetemeko kwenye taarifa ya habari roho inaniuma, nataka kujitolea ila sina fani ya afya wala uokoaji. Nisubiri nafasi ya kwenda nchi nyingine au?

Jibu 1: Anzia hapo ulipo ndugu yangu. Masaa ya kwanza wanaookoa watu wengi ni majirani, timu za nje zinafikaga baadae sana. Nenda tawi la Msalaba Mwekundu ukafundishwe huduma ya kwanza mapema, janga likishatokea nani atakuwa na muda wa kukufundisha?

Jibu 2: Nje usijipeleke mwenyewe tafadhali. Haiti baada ya tetemeko la 2010 watu wa kujitolea walimiminika bila mpango, na wao wanataka maji, pa kulala, usafiri, vitu vilevile waathirika wanavyokosa. Viwango vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada wakati wa maafa, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na wewe utakunywa hayohayo.

Jibu 3: Na dawa msitume hovyo jamani, Aceh kule Indonesia baada ya tsunami ya 2004 zililetwa kibao zisizofaa. Bora pesa. Halafu kuandikisha familia, kupanga stoo, kutafsiri, hizo kazi hazitaki udaktari na watu huwa hawatoshi.

Muulizaji: Asanteni sana, kesho naenda kujiandikisha.