Naomba ushauri: barua ya mwajiri kwa maombi ya ukaazi wa kudumu Kanada

Ndugu wanajamii, habari zenu. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, na ninaandaa maombi ya ukaazi wa kudumu nchini Kanada kupitia mpango wa shirikisho wa wafanyakazi wenye ujuzi, unaodai alama 67 kati ya 100. Mtihani wa lugha nimefaulu, na vyeti vimeshatathminiwa. Kinachonikwamisha ni barua ya mwajiri: inapaswa kutaja majukumu, saa za kazi kwa wiki na mshahara, lakini kampuni imeshafungwa na barua niliyonayo inataja cheo na tarehe tu, jambo linalonitia wasiwasi sana. Nimempata aliyekuwa msimamizi wangu, naye yuko tayari kunithibitishia. Je, kiapo chake, pamoja na mkataba na hati za mshahara, vinaweza kukubaliwa badala yake? Na majukumu ayaeleze kwa kina kiasi gani?