Tupeane uzoefu: kujiandaa na triathloni ndefu ukiwa Unguja au Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Swali linanijia kila mara kutoka kwa vijana wa Mjini, wa Paje, hata wa Wete: nataka kushiriki triathloni ndefu, nianzie wapi? Majibu yangu ni ya mtu mmoja tu, na bahari ya Mazizini si bahari ya Jambiani. Kwa hiyo naomba waliokwisha kujiandaa wakiwa hapa hapa visiwani waseme, kila mtu kwa aliyoyapitia.

Kwa mgeni wa mchezo: mbio nzima ni kuogelea kilomita 3.8, baskeli kilomita 180, kisha marathoni ya kilomita 42.2, yote ndani ya siku moja, na kwa kawaida ukipita saa 17 hujamaliza. Nusu yake ni 1.9, 90 na 21.1. Wengi wetu tunaanzia kwenye nusu, na ndipo ningemshauri kila mtu aanzie.

Langu la kwanza ni hili. Ratiba nyingi zinazopatikana mtandaoni zimeandikwa kwa mtu mwenye bwawa jirani na nyumba yake na baridi ya miezi kadhaa. Ukizifuata kama zilivyo, siku ya kuogelea utaikuta bahari imekupwa, na siku ya kukimbia itakuangukia jua la saa saba. Mimi natazama maji kwanza, upepo pili, ndipo naijaza ratiba. Karibuni.

Wa Jambiani:

Umesema kweli, maji ndiyo ya mwanzo. Kwetu bamvua ikipiga, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa nne asubuhi bahari imetoka hadi karibu na mwamba, na kina mama wako kwenye mwani wao. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Siku hizo naogelea jioni, naingia saa tisa na nusu maji yakiwa bado yanapanda. Maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake: hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kina hakibadiliki sana, kwa hiyo unapata muda mrefu wa kuogelea bila kukimbizana na bahari. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, na ratiba yangu huchelewa nayo.

Sasa jambo ambalo nataka kila kijana alisikie. Maji yanapotoka, bahari yote iliyo ndani ya mwamba hutafuta mlango wa kutokea. Pale mlangoni mkondo una nguvu kumshinda mwogeleaji yeyote. Ulinikuta siku moja nikiwa katikati ya zoezi refu. Natazama chini, majani ya bahari yamelala yote upande mmoja kuelekea nje kama nywele zilizochanwa, nami napiga mikono lakini jiwe lile lile bado liko chini ya kifua changu. Sikushindana nao. Nilikata ubavu, nikafuata mwamba kwa urefu wake, taratibu, mpaka nikaona majani yamesimama wima, ndipo nikageuka kuelekea pwani. Majani ya chini ndiyo saa yako ya mkondo. Yatazame kila unapovuta pumzi chache.

Na mashamba ya mwani yapitie kwa nje. Vijiti na kamba havionekani maji yakijaa, vitakukwaruza, tena ile ni riziki ya watu.

Wa Mjini:

Nyongeza kwa tunaoogelea upande wa magharibi. Malindi na mbele ya Forodhani pasahau, boti zinaingia na kutoka kutwa. Mazizini na Mbweni ni pazuri zaidi. Funga boya la rangi kiunoni. Kama huna, dumu tupu la lita 5 lililofungwa vizuri na kamba laini linatosha, almuradi nahodha akuone kwa mbali. Usiogelee peke yako, hata kama umezaliwa pwani. Watoto wa pwani wengi tunajua kupiga mbizi na kuelea, lakini kilomita mbili uso ukiwa ndani ya maji, kuvuta pumzi kwa mpango na kunyanyua macho kutafuta alama, hayo yana mafunzo yake.

Upepo: wakati wa kusi upande wa mashariki huchafuka, magharibi kukatulia. Kaskazi ikivuma joto huzidi, na Nungwi hupata mawimbi. Kwa baskeli, kusi ni mwalimu mkali. Mjini hadi Paje ni kama kilomita 50, na ukielekea huko upepo unakupiga usoni njia nzima. Kwenda na kurudi umepata kilomita zako za nusu na ziada. Pale Jozani punguza mwendo, kima punju wanakatiza barabara na matuta ni mengi.

Wa Nungwi:

Mie ni dada, na nimefurahi mada hii haikuandikwa kwa ajili ya kaka zetu tu. Nungwi tuliwahi kuwa na mradi wa Panje uliofundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za stara za mwili mzima. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha mwaka 2016, na picha zile zikatambuliwa katika tuzo za World Press Photo mwaka 2018. Kwa hiyo ya kuwa mwanamke wa Kizanzibari hawezi kuogelea na stara yake, hilo lilikwisha jibiwa majini.

La kujali ni kitambaa. Nguo pana hukusanya maji na kukuvuta nyuma, hasa mikononi na shingoni. Tafuta kitambaa cha nguo za kuogelea, kinachokauka haraka, chenye shingo iliyokaa na mikono isiyopwaya, na juu yake vaa fulana ndefu nyepesi unapotoka majini. Jaribu kuendesha baskeli na kukimbia na nguo hiyo hiyo ikiwa imelowa chumvi. Mshono mdogo tu wa kwapani utakuchubua ukiwa umebakiwa na kilomita nyingi. Mimi hupaka mafuta mazito sehemu zote za mshono.

Nyumbani, mama hakuwa na neno na mavazi wala na watu. Alichoogopa ni bahari. Mjomba ana ngalawa, basi nikamwomba mama apande, wakanifuata pembeni zoezi zima. Sasa hivi yeye ndiye anayeniuliza asubuhi, maji yanajaa saa ngapi leo?

Wa Chake:

Kwanza hongera dada yetu, na mama mpelekee salamu.

Pemba tuna vilima, na hilo ni neema kwa mwenye baskeli. Chake hadi Mkoani huna pa kupumzisha miguu, unapanda na kushuka na kona juu ya kona. Ukizoea hapo, barabara ya Paje utaiona imenyooka. Msimu wa karafuu kuwa na adabu na barabara: watu wanaanika kwenye majamvi kandokando, na gari likija mbele yako usikimbilie pembeni juu ya karafuu za mtu. Simama.

Taabu yetu ni vipuri. Mpira wa baskeli ya mbio hupati hapa, unaagiza Dar au Unguja na kusubiri boti. Mimi huweka mipira miwili ya akiba nyumbani na mmoja chini ya kiti, na nimejifunza kubadilisha mwenyewe gizani. Chumvi inakula cheni. Ukirudi kutoka barabara ya pwani, ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, ikaushe, tia mafuta ya cherehani tone moja moja kwenye kila kiungo, kisha ufute tena yaliyozidi, maana mafuta ya juu hukamata mchanga.

Jingine ambalo wengi hawaambiwi: huku tunaendesha kwa msururu, mmoja anamkingia mwenzake upepo. Kwenye mbio ndefu za Ironman, yaani zile zinazoandaliwa na kampuni yenye jina hilo, ni marufuku, unakaa mita 12 nyuma ya aliye mbele yako au unampita, na ukikaidi unapewa adhabu ya muda. Kwa hiyo zoezi refu lifanye kwa kujitenga, uujue upepo wako mwenyewe.

Wa Bububu:

Nizungumzie tumbo, kwa sababu nimeona wenye miguu mizuri wanaangushwa na tumbo.

Joto letu lina unyevu, jasho halikauki, linadondoka tu, na mwili haupoi. Jipime: panda mizani kabla ya zoezi la saa moja na baada yake, bila nguo zenye jasho. Kilo 1 iliyopungua ni takriban lita 1 ya jasho, ongeza na ulichokunywa njiani. Fanya hivyo asubuhi na fanya tena mchana, utaona tofauti, na utajua kiasi chako badala ya kukisia.

Maji matupu kwa wingi ni hatari. Rafiki yangu alikimbia mbio ndefu akinywa maji kila kituo, akafika akiwa na kichefuchefu, kichwa kinagonga, anajibu maneno yasiyoeleweka. Kila aliyekuwa pale alitaka kumwongezea maji. Hospitali wakakuta chumvi ya damuni imeshuka. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo peke yake halirudishi chumvi inayotoka na jasho. Mimi nachanganya nyumbani kwa kipimo kile kile cha maji ya kuharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vijiko vya kufuta. Naongeza ndimu kwa ladha.

Chakula: wataalamu wengi wanashauri gramu 60 za wanga kwa saa kwenye mbio ndefu, na waliozoesha matumbo yao hufika 90. Tende ndogo moja ina kama gramu 5 au 6. Basi kumi kwa saa, zimetolewa kokwa na kugawanywa kwenye vifuko, zinakufikisha. Nikichoka na utamu nakula mbatata ndogo za kuchemsha zilizopakwa chumvi. Kukimbia ni kugumu zaidi kula, hapo nategemea kinywaji. Haya yote yajaribu kwenye mazoezi marefu, kwa kasi ya mbio. Siku yenyewe usionje kitu kipya.

Swali langu kwenu: Ramadhani mnafanyaje?

Wa Makunduchi:

Kaka, mimi mwezi mzima sitafuti kasi. Nakimbia taratibu kama dakika 40 kabla ya magharibi, ili nikimaliza tende na maji viko mbele yangu. Baada ya tarawehe nafanya mazoezi ya nguvu ndani, baskeli barabarani usiku nimeiacha kwa sababu ya giza na gari. Kuogelea mbali nikiwa nimefunga siogelei kabisa. Tena kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, nahesabu kabla ya kulipia mbio yoyote. Nataka wiki nane au zaidi baada ya Idi.

Wa Kikwajuni:

Mimi nilikwenda Muscat, ambako mbio za nusu zilianza mwaka 2020. Wenye ndugu Oman mnajua, malazi na chakula havikunisumbua, gharama kubwa ilikuwa ada, tiketi na sanduku la baskeli. Kwa wasio na ndugu huko, Rubavu nchini Rwanda walianza 2022, na kwa Mtanzania ni safari nyepesi zaidi, ila jueni Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 na pumzi itawaambia hivyo.

Siku ya mbio, ukitoka majini funga helmeti kidevuni kabla hujaigusa baskeli, waamuzi wanaangalia hilo. Ukishuka kwenye baskeli miguu itakuwa mizito na hatua fupi, na hofu itakwambia umekwisha. Kwa mimi ilichukua kama kilomita tatu hadi miguu ikarudi. Dawa yake ni kuizoea: kila wiki, baada ya baskeli ndefu, vaa viatu hapo hapo ukimbie dakika 15 au 20. Vituo vya maji nilivipita kwa kutembea, nikanywa vizuri, nikajimwagia kichwani, nikaendelea. Hakuna aliyenipita kwa sababu hiyo.

Mwenye mada:

Shukrani kubwa. Na kwa kijana aliyeniandikia pembeni kwamba huu ni mchezo wa nchi kubwa: mbio hizi ndefu zilianzia kisiwani, Oahu, Hawaii, Februari 1978, watu 15 wakaanza na 12 wakamaliza, Gordon Haller akawa wa kwanza kwa saa 11 dakika 46. Na Flora Duffy, aliyechukua dhahabu ya triathloni kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, ni wa Bermuda, visiwa vyenye watu wachache mno kuliko Unguja peke yake.

Jumamosi ya maji mafu yanayokuja tunakutana Mazizini saa tatu asubuhi, maji yakiwa yanapanda. Tutaogelea kwa makundi mawili, wanaoanza na waliozoea, na ngalawa itakuwepo. Njoo na boya au dumu lako. Wa Pemba, nani anaweza kusimamia kundi kama hilo Mkoani au Wete? Na mwenye helmeti ya ziada aseme, kuna vijana wawili wa Paje hawana.