Naomba ushauri: huyu popo wa Andes ni spishi mpya kweli?

Mwanapopo
Habari wakuu. Niko masomoni Ekuador, natafiti popo wanaokunywa mbochi kwenye misitu ya ukungu ya Andes. Nyavu zetu zimenasa popo wa jenasi ya Anoura ambao siwaelewi: mkia hauonekani, kigasha ni kifupi kuliko cha spishi ya A. geoffroyi (A. ni Anoura), mdomo wa chini umechomoza. Chavua imewajaa usoni mpaka masikioni. Wenzangu wanataka tuchapishe haraka tusije tukawahiwa. Nianzie wapi?

Mama Mafuvu
Mdogo wangu, usikimbilie jina. A. carishina alitangazwa 2010 kutoka Kolombia, na mwaka 2022 jina hilo likafutwa: walipopima upya wakakuta ni A. latidens yuleyule. Mwili mdogo peke yake haukupi spishi. Je, una uhakika hao ni wakubwa? Kunjua bawa, mulika tochi kwa nyuma, tazama vifundo vya vidole. Vya mtoto vinapitisha mwanga kwa sababu bado ni gegedu. Vya mkubwa ni vigumu na vimevimba.

Mzee wa Nyavu
Naunga mkono. Halafu pima ulimi. A. fistulata, aliyeelezwa 2005 hukohuko Ekuador, naye ana mdomo wa chini uliochomoza, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba wako si huyo. Ulimi wake hufika karibu milimita 85, mara moja na nusu ya urefu wa mwili, na shina lake limelala ndani ya kifua! Mpe popo wako maji ya sukari kwenye mrija wenye alama za milimita, uone anafika wapi. Ni kazi ya dakika chache, kisha unamwachia aende zake.

Mwanapopo
Asanteni sana. Nimemulika: baadhi vifundo vinapitisha mwanga, na ndio hasa wenye vigasha vifupi. Waliobaki ni wakubwa, ila mdomo umechomoza vilevile. Ulimi bado.

Mama Mafuvu
Basi hao watoto watoe kwenye vipimo kabisa. Wakubwa walinganishe fuvu kwa fuvu, jino kwa jino, na holotaipu za spishi zote za karibu nao, yaani vile vielelezo vinavyobeba majina rasmi. DNA ije juu ya hapo, na kibali chake uombe mapema. Ukifika kuchapisha mtandaoni, sajili kazi ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, kabla haijatoka, la sivyo jina halitambuliki.

Mwanapopo
Nimeelewa, dada. Naanza na ulimi usiku huu.